Nyumba Isiyonukia

Juzi sokoni, Singida mjini, binti mmoja muuza mafuta alinishika mkono kabla sijaitikia salamu yake vizuri. "Shikamoo mama. Nusa kwanza, kununua baadaye," akasema, na papo hapo akanipaka tone la mafuta mkononi. Alikuwa amepanga vichupa juu ya meza ndogo, kila kimoja kina karatasi ya kijani yenye picha ya mbu aliyelala chali. Akaanza kunitajia vilivyomo: mafuta ya alizeti ya hapa hapa kwetu, majani ya mwarobaini, mchaichai, na kivumbasi. "Kivumbasi ndiye bosi wao, mama. Mbu akisikia hiyo harufu tu anageuza alikotoka." Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kulia. Tena si yale machozi ya kufichwa na ncha ya khanga. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wanaochagua vitunguu. Binti wa watu akashtuka. "Jamani! Yamekuingia machoni?" Nikamwambia ndiyo, yameniingia. Nikanunua kichupa kwa aibu, nikaondoka.

Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokua kabla vyandarua havijagawiwa kila nyumba, harufu hiyo mnaijua. Inapanda puani kwa ukali, halafu ikishaingia inakuwa kama kitu kitamu kilichoungua kidogo. Wengi wenu nadhani inawakumbusha bibi zenu, au siku za mafua mlipofunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto mkaambiwa vuta hewa. Sisi tuliokuwa watoto wa mrina asali tuliijua kwa maana nyingine kabisa. Kwetu kivumbasi kikinukia, baba hayupo.

Tulikuwa tunakaa Rungwa, kijiji ambacho ukitoka shambani hatua chache umeshaingia porini. Mama hakuwa mtu wa huko. Alitoka upande wa Ilongero, kwenye mtama na ng'ombe, akaolewa na mrina asali aliyekuja kuuza nta, na siku ya kuhamia kwa mumewe alikuja na mbegu za kivumbasi zimefungwa fundo kwenye khanga. Baba alikuwa hachoki kumtania. "Mimi nilitoa mahari ya mke," alikuwa akisema, "nikaletewa mke na kichaka." Kichaka chenyewe mama alikipanda nyuma ya bafu la mabua, pale maji ya kuogea yanapotokea, kikastawi mpaka kikampita mtu kimo.

Mama alikijua kivumbasi kama wengine wanavyojua kusuka. Alikichuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Majani ya kuchoma aliyaanika kivulini juu ya ungo, kwa sababu jua, alisema, linakunywa dawa yote linakuachia nyasi. Ya kupaka aliyatwanga mabichi kinuni, akayachemsha taratibu kwenye mafuta ya alizeti, akayachuja kwa kitambaa cha zamani. Vishada vingine alivitundika mlangoni na chini ya vitanda. Vingine alivitia kwenye mtama wa akiba ili usiliwe na wadudu. Mtoto akiumwa tumbo, ni hicho hicho. Kikohozi, ni hicho hicho. Jioni alichukua kigae, kipande cha chungu chake cha zamani kilichovunjika, akatia makaa, akanyunyiza majani makavu, akazunguka nacho nyumba nzima, kona kwa kona, mpaka chini ya kitanda cha bibi mzaa baba, ambaye tulikuwa tunaishi naye.

Lakini hayo yote yalifanyika baba akiwa porini tu. Nyumba yetu ilikuwa na sheria yake, na mwenye sheria alikuwa nyuki. Nyuki hapendi mtu anayenukia, baba alisema. Kabla hajarudi, mama alivishusha vishada vyote na kuvitupa shimo la taka, akamwaga majivu ya kigae mbali, akafua mashuka na mablanketi kwa maji matupu bila sabuni na kuyaanika mpaka yakabaki yananukia jua tu. Kamba za baba, nguo zake, mifuko yake, vyote vilikaa ndani, na siku yoyote angeweza kuondoka kwenda kwenye mizinga. Kwa hiyo muda wote aliokuwa nyumbani hakikuwashwa chochote. Yeye mwenyewe hakujipaka hata tone, na huko porini mbung'o walimchanja kama hana mwenyewe.

Siku moja nikamuuliza, "Baba, mbona nyuki wanakunywa kwenye maua ya kivumbasi cha mama?"

"Ua ni chakula chao, mwanangu. Lakini mtu akipanda kwenye mzinga ananukia ule moshi, nyuki anajua huyu kaja kumfukuza." Akaniona sijaelewa. "Wewe ugali si unaupenda?"

"Naupenda."

"Sasa nikikumwagia sufuria nzima kichwani?"

Nilicheka mpaka bibi akaniuliza kutoka ndani, "Mke mwenzangu, huyo mwanangu anakudanganya nini tena?"

Baba akiwa nyumbani, basi, mbu walitutafuna. Nilikuwa naamka na vipele miguuni, mikononi, mpaka kwenye kope, na nilivipenda. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili kwa sababu linasikika kama wazimu. Nilikuwa nikijikuna kwa furaha. Kipele kikiwasha maana yake baba amelala chumba cha pili, asubuhi ataniita nije nitafune sega alilolifunga kwenye majani, nta nitaitema mkononi mwake, naye ataifinyanga iwe ng'ombe mdogo mwenye pembe. Mwili wake ulikuwa na harufu ya moshi wa magome na jasho na nta. Nilikuwa nikilala mapajani mwake huku mbu wananila, na sikuwa na habari nao.

Halafu asubuhi moja unaamka, baba ameshaondoka alfajiri. Jioni mama anatoa kigae. Nyumba inajaa moshi, vipele vinapona, na nyumba inakuwa kubwa kupita kiasi. Mtoto hajui kipi kimemtangulia mwenzake. Mimi niliona vitu viwili vinavyokwenda pamoja kila mara, nikavifunga kamba moja: kivumbasi kinafukuza mbu, na kinamfukuza baba. Sikuwa na shaka hata kidogo. Si mwenyewe alisema kwamba moshi ule unafukuza? Nilikuwa nikimtazama mama akipuliza yale makaa, mashavu yamemjaa, macho yanamtoka machozi, nikajiuliza kwa nini anamfanyia baba hivyo wakati mbele yake anacheka naye.

Mwaka ule baba alikwenda porini na mdogo wake, baba mdogo Yohana, mvua zikiwa bado ni manyunyu. Siku za kurudi zilipokaribia, mama akasafisha nyumba kama kawaida. Nakumbuka nilivyovifuata vishada mpaka shimo la taka nikivirukia kwa furaha, na mdogo wangu Rehema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akianguka na kuinuka nyuma yangu.

Baba mdogo Yohana alirudi peke yake, mchana, mvua kubwa inanyesha. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya upenu, maji yanamtiririka kidevuni, akasema na mama yake kwanza. Baba alikuwa amemwambia, "Nisubiri hapa kambini, navuka korongo kuangalia mzinga mmoja tu." Mvua ikashuka, korongo likajaa. Lilipopungua, Yohana akavuka. Alikuta kamba ya kaka yake inaning'inia kwenye mti, mzinga haujaguswa, nyuki wametulia. Baba hakuwepo. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kiatu, hapakuwa na nyayo, maana mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Wanaume wa kijiji wakaingia porini, na askari wa pori wakaenda nao. Walirudi wakiwa na ile kamba.

Bibi aliipokea kamba akaitundika kwenye kigingi chake, kama vile mtu ametanguliza mzigo na mwenyewe yuko nyuma anakuja. "Mwanangu hakuna aliyemwona amekufa," alisema. "Kwa hiyo hajafa." Mama hakutoa kigae. Nyumba ilikuwa safi, haina harufu, inamsubiri mwenyewe, na kuwasha kivumbasi katika nyumba ile kungekuwa ni kusema kwamba hasubiriwi tena.

Mvua za mwaka ule zilikuwa za kupindukia. Maji yalisimama hadi mlangoni, vyura walilia hata mchana, na mbu walikuja mawingu kwa mawingu. Mama alitufunika shuka mpaka kichwani, akakaa kitandani kwetu akitupepea kwa kipande cha mkeka, mwenyewe mikono wazi. Na mimi? Mimi nilikuwa na furaha. Nasema ukweli uliokuwepo. Nyumba haikunukia, nilikuwa nina vipele mwili mzima, na kwangu hiyo ilikuwa habari njema. Niliwaonyesha watoto wenzangu miguu yangu. "Baba yangu yuko karibu," niliwaambia, "tazameni." Nao waliangalia vile vipele kwa heshima, kwa sababu niliwaeleza sheria yote jinsi ilivyo.

Rehema akaanza kuchemka. Baba mdogo Yohana akampakia mama na mtoto kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye tope mpaka zahanati. Mganga wa zamu akampa dawa, akamkazia mama macho. "Huyu mtoto ameliwa sana na mbu. Nyumbani mnajikinga na nini?" Hayo alitusimulia Yohana baadaye. Mwanamke ambaye majirani walikuja kwake kuomba kivumbasi, ambaye kichaka chake kilikuwa kimefunga njia ya kwenda bafuni, aliulizwa anajikinga na nini, akainamisha kichwa.

Rehema akapata nafuu. Halafu homa ikarudi, safari hii ikaja na degedege. Nilimwona mdogo wangu amekakamaa mikononi mwa mama, macho yamegeuka meupe, mdomo umejifunga. Wakamkimbiza tena. Waliporudi alikuwa hai, lakini alikuwa mwepesi, amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Ilikuwa saa za kuwasha moto wa jioni. Mama akamweka mapajani kwa bibi, akatoka nje kwenye mvua bila kujifunika. Alipoingia alikuwa amekumbatia kivumbasi kibichi, mzigo mzima, maji yanachuruzika. Akavuta kigae kutoka uvunguni.

"Mama Eliza," bibi akasema polepole, akimwita kwa jina langu. "Unataka kufanya nini?"

"Nawasha, mama."

"Mwanangu akija akute nyumba inanukia? Si atasema tumemzika?"

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, anatia makaa kwenye kigae. "Na akija akute Rehema hayupo, mama, mimi nitamwambia nini? Huyu naye ni wake."

Bibi akamvuta Rehema kifuani. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimrukia mama mgongoni, nikamshika mkono wenye majani. "Usiwashe! Mama, usiwashe! Ukiwasha baba harudi tena!"

Nilikuwa namaanisha lile nililolijua, kwamba moshi utamkuta njiani na kumgeuza. Lakini wao hawakusikia hivyo. Waliosikia walikuwa watu wazima waliokaa na jambo moja vifuani mwao mvua zote zile, kila mmoja anamficha mwenzake, na sasa mtoto amelitamka: baba harudi tena. Mama akautoa mkono wangu, akayaweka majani kwenye makaa. Kisha bibi, Rehema akiwa mapajani mwake, akaachia kilio, kile kilio chenyewe cha msiba, na majirani wakaja mbio kwenye mvua. Ndivyo msiba wa baba yangu ulivyoanza. Haukuwa na maiti, haukuwa na kaburi, ulikuwa na moshi wa majani mabichi uliokuwa mzito mpaka watu wakashindwa kuonana, na wote wakapata pa kusingizia machozi.

Nilimchukia mama. Nilimchukia kwa muda mrefu, kimya kimya, mtoto mwenye adabu zote anayechota maji na kuamkia wakubwa, ndani yake ana jiwe. Kila jioni alipozunguka na kigae nilitoka nje nikakaa kwenye kinu. Niliamini kwamba aliwekewa baba na Rehema kwenye mizani, akamchagua Rehema. Na kumbe sikuwa nimekosea sana. Kilichonichukua miaka kukielewa ni jinsi uchaguzi wenyewe ulivyomgharimu. Nilikielewa siku moja mimi mwenyewe nikiwa na mwanangu kifuani, anachemka, nipo kwenye benchi la hospitali, na nikajua kwamba wakati ule ningechoma kitu chochote duniani. Nilimpigia mama simu pale pale. "Mama," nikamwambia, "ulifanya vizuri kuwasha." Hakuniuliza kuwasha nini. Alisema tu, "Mpe maji mtoto, mwanangu. Maji mengi."

Mama amefariki mvua hizi zilipoanza. Alilala, hakuamka. Bibi alikwisha kututangulia zamani, baba mdogo Yohana naye, kwa hiyo miaka ya mwisho alikuwa peke yake katika nyumba ile, ingawa Rehema na mimi tulimwomba mpaka tukachoka kwamba aje akae na mmoja wetu. "Nikitoka hapa nani atakuwepo?" ndilo lilikuwa jibu lake. Sisi tulidhani anasemea kuku.

Tulimwosha sisi na mama mmoja jirani. Nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto, namwagia maji taratibu, nikaona vipele. Vingine vipya, vyekundu bado. Vingine vya zamani, vimekuwa madoa meusi, toka kiganja mpaka begani, na miguuni hivyo hivyo, hakuna pa kuweka kidole. Nikamtazama yule jirani. "Mama alikuwa hatumii kivumbasi?"

"Wee! Hataki kabisa," akasema. "Mimi mwenyewe nilimwambia, mama, hiki kichaka chako kinaozea hapo, hebu nikuchumie. Akaniambia, acha kichanue tu. Tena tangu ninyi mlivyoolewa mkaondoka. Nilidhani ni uzee."

Nikaenda chumbani kwake. Chandarua nilichomletea mwaka juzi, kile chenye dawa, kilikuwa juu ya sanduku, bado kimo kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa. Mashuka yalikuwa meupe, nikainama nikayanusa, hayakuwa na sabuni. Yalikuwa na harufu ya jua. Kigae kilikuwa uvunguni, kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi. Na kwenye kigingi, pale pale, ilikuwepo kamba ya baba.

Nilikaa chini sakafuni. Alikuwa ameiwasha ile dawa kwa ajili yetu, jioni kwa jioni, mpaka tulipokua. Siku ya mwisho aliyokuwa na mtoto wa kumkinga, alisafisha nyumba, akarudi kumsubiri mumewe. Alimsubiri akiwa ameacha mikono wazi, miaka yote hiyo, na sisi tukimpigia simu kumuuliza kama amekula.

Jioni, baada ya kumzika, nyumba ilijaa watu. Watoto wa Rehema walikuwa wamelazwa kwenye mkeka sebuleni pamoja na watoto wengine, wanajikuna na kulia kwa usingizi. Rehema akaja akasimama mbele yangu, macho yamevimba. "Dada, watoto wanaliwa na mbu, na kivumbasi kimejaa hapo nje. Nichume?" Yeye hakumbuki kitu. Alikuwa mdogo mno, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia kwamba kivumbasi kile kiliwashwa kwa ajili yake.

"Kaa na watoto," nikamwambia. "Nitachuma mwenyewe."

Nikachuma, maua na yote, nyuki wa mwisho wa siku wakihama tawi hadi tawi. Nikatia makaa kwenye kigae cha mama, nikapuliza. Lakini kabla sijanyunyiza majani niliinuka, nikafunga mlango wa chumba chake, nikavua khanga yangu nikaikunja na kuziba nayo pale chini, vizuri, moshi usije ukaingia.